Nafundisha urubani Texas, lakini malipo hayafikii rejesho la mkopo

Dada, shikamoo.

Mimi ni mzaliwa wa Morogoro, nina miaka 29, naishi kaskazini mwa Texas, si mbali na Dallas. Nilikuja Marekani kwa kadi ya kijani ya bahati nasibu. Nilibeba boksi kama wenzangu, baadaye nikapata leseni ya malori makubwa, nikaendesha trela kwa miaka kadhaa. Hela haikuwa mbaya. Ila tangu nikiwa mdogo nilitaka kuwa rubani, na kila nilipoegesha lori karibu na uwanja wa ndege nilijikuta natazama juu.

Nikaacha lori nikaingia chuo cha urubani. Akiba yangu ilitosha leseni ya kwanza tu, ya rubani binafsi. Zilizofuata, yaani ya kuruka kwa kutegemea vyombo, ya biashara na ya kufundisha, nilizilipia kwa mkopo wa kampuni binafsi. Mdhamini ni dada yangu wa kwanza, muuguzi, mwenye watoto watatu. Sasa hivi deni, pamoja na riba iliyojikusanya nikiwa masomoni, limefika dola 92,000. Riba ni asilimia 11 kwa mwaka, muda ni miaka 15. Rejesho ni dola 1,046 kila mwezi, na la kwanza linaanza Machi.

Nimepata kazi ya kufundisha kwenye shule ndogo. Mwanafunzi anatozwa dola 75 kwa saa ya mwalimu, mbali na ukodishaji wa ndege. Mimi napewa 30. Na hizo 30 ni kwa muda ambao mita ya ndege inatembea, tangu injini iwake mpaka izimwe. Kumweleza mwanafunzi somo kabla ya kupanda, kukaa naye baada ya kutua, kusahihisha mpango wake wa safari, kumsubiri akichelewa, yote hayo hayana malipo. Mwezi mzuri napata saa 60 za kuruka. Desemba nilipata 35. Wananiita mkandarasi, sikatwi kodi, natakiwa kuilipa mwenyewe, lakini ratiba wanapanga wao na wanataka niwepo pale kuanzia saa mbili asubuhi hata kama sina mwanafunzi.

Wiki iliyopita nilifika alfajiri, nikaizunguka ndege yetu ndogo ya Cessna 172, nikachota mafuta kwenye kila tundu la bawa, nikainua kichupa kwenye mwanga kuhakikisha mafuta yale ya bluu hayana maji chini yake. Kila kitu safi. Mawingu yakashuka mpaka karibu na ardhi, yakakaa hapo hadi saa kumi jioni. Wanafunzi wanne walighairi, mmoja baada ya mwingine. Nilirudi nyumbani bila hata senti.

Nina saa 410. Ili shirika la ndege linichukue nahitaji 1,500. Rafiki yangu ananiambia nirudi kwenye lori kila Ijumaa usiku mpaka Jumapili, niende Kansas na kurudi, halafu Jumatatu nifundishe. Mwenye shule ananiambia nikope dola 6,000 zaidi nipate leseni ya kufundisha ndege za injini mbili, eti huko ndiko kwenye hela. Mama yuko Morogoro, na nikimweleza najua atauza kiwanja cha marehemu baba pale Kihonda siku hiyohiyo. Dada yangu mdhamini sijamwambia chochote.

Dada, kuna mtu kweli anayeishi kwa kufundisha urubani huku analipa deni kama hili? Au niache mapema?

Mwalimu wa Texas

*

Marahaba, mdogo wangu.

Nikujibu moja kwa moja: kwa mpangilio ulio nao leo, hapana, haiwezekani. Kazi yenyewe inaweza kumlisha mtu, nami niliifanya kabla ya kuhamia ndege za abiria. Kinachokuangusha ni mkataba ulionao, pamoja na ukubwa wa deni ulilolibeba.

Tuanze na mkataba. Wewe unajihesabia dola 30 kwa saa. Usihesabu hivyo. Desemba ulipata saa 35, sawa na dola 1,050. Kama ulikuwa pale uwanjani saa 45 kwa wiki, ni kama saa 180 kwa mwezi. Gawanya: inakuja chini ya dola 6 kwa saa. Kima cha chini cha mshahara kwa sheria ya taifa, ambacho ndicho kinachotumika Texas, ni dola 7.25. Kwa hiyo mtu mwenye leseni ya biashara, anayekaa kiti cha kulia akiwa na dhamana ya maisha ya mwenzake, alilipwa pungufu ya kijana anayekaanga viazi. Nakueleza hivi ili usifike mahali ukaamini kwamba tatizo ni wewe kutojituma.

Hapo ndipo neno mkandarasi linapokuwa na uzito. Mkandarasi wa kweli anapanga muda wake, anakubali au anakataa kazi, anaweza kufundisha shule tatu kwa wakati mmoja. Wewe ratiba ni yao, ndege zao, wanafunzi wao, na unatakiwa ukae pale. Hiyo inafanana sana na uajiriwa. Tofauti yake mfukoni ni kubwa. Mkandarasi anabeba peke yake kodi ya kujiajiri ya asilimia 15.3, kwa ajili ya pensheni ya taifa na bima ya afya ya uzeeni. Mwajiriwa analipa nusu, mwajiri nusu. Na kama ni mwajiriwa, malipo yake yakigawanywa kwa saa zote alizotakiwa kuwepo kazini hayaruhusiwi kushuka chini ya kima cha chini. IRS, yaani mamlaka ya kodi ya Marekani, wana fomu ya SS-8 ambayo mfanyakazi au mwajiri anaweza kuijaza ili wao waamue hadhi ni ipi. Sikwambii ukaipeleke kesho. Nakwambia uifahamu kabla hujaingia ofisini kwa mwenye shule, kwa sababu ukiijua utaongea tofauti.

Wakati huohuo, maadamu bado ni mkandarasi, weka pembeni kodi yako kila unapolipwa. Inalipwa kila robo mwaka, na IRS hawajali kwamba hela ilishaliwa. Tunza risiti za kila ulichonunua kwa kazi hii: hedifoni, programu ya ramani, ada ya daktari wa usafiri wa anga ikiwa inahusu kazi. Vinapunguza kiasi kinachotozwa kodi.

Ofisini kwa mwenye shule utakwenda kuomba kitu kimoja: ulipwe kwa muda wa kufundisha, si kwa muda wa injini. Somo la darasani kabla ya kuruka ni ufundishaji. FAA, yaani mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, wenyewe wanataka mwalimu aandike na kusaini mafunzo ya ardhini kama anavyosaini ya angani, na mwanafunzi anayafanyia mtihani wa mdomo. Mwanafunzi aliyekaa nawe dakika 40 ukimchorea jinsi bawa linavyopoteza mnyanyuo amepata huduma, na wengi wao watalipa bila kununa wakiambiwa tangu siku ya kwanza. Ukiongeza hata nusu saa ya darasani kwa kila saa ya kuruka, saa zako 60 zinakuwa 90 za malipo, na hujaongeza hata dakika moja ya kukaa uwanjani. Hiyo ni dola 2,700 badala ya 1,800.

Na zile siku za mawingu, usimwache mwanafunzi aghairi. Mgeuzie somo. Kama shule ina simuleta, hiyo ndiyo siku yake: kushindwa kwa vyombo, kuingia mawinguni bila kutarajia, mawasiliano ya redio. Kama haina, kuna hali ya hewa yenyewe ya kufundisha, mkiwa mnaitazama dirishani. Mpigie simu usiku uliotangulia, mara tu unapoona utabiri, umwambie, "Kesho hatutaruka, njoo tufanye hiki." Akisikia hivyo mapema anakuja. Akisikia asubuhi kwamba ndege haiondoki, anarudi kulala, na ana haki.

Mwenye shule akikataa kabisa kulipia ardhi na simuleta, anza kutafuta shule nyingine ukiwa bado kwake. Zipo zinazowaajiri walimu kwa fomu ya W-2, yaani kama waajiriwa kamili, zikiwalipa kwa saa za kazi na bima ya afya juu yake, hasa vyuo vikuu vyenye programu za urubani. Eneo la Dallas lina viwanja vidogo vingi vyenye shule. Huna haja ya kuhamia Arizona kufuata jua, ingawa wapo waliofanya hivyo na hawakujuta.

Sasa deni. Nimekupigia hesabu, na nataka uione jinsi ilivyo. Asilimia 11 ya dola 92,000 ni zaidi ya dola 10,000 kwa mwaka, kwa hiyo mwezi wa kwanza riba peke yake ni kama 843. Katika rejesho lako la 1,046, deni lenyewe linapungua kwa dola 203 tu. Mpaka miaka 15 iishe utakuwa umelipa kama dola 188,000. Watu wengi wakiona hivyo wanakimbilia kuomba muda urefushwe. Tazama: ukienda miaka 20, rejesho linashuka mpaka kama 950. Umeokoa chini ya dola 100 kwa mwezi, na mwisho wa safari umelipa karibu 40,000 zaidi. Kuomba ulipe riba tupu kwa mwaka mmoja kunakupunguzia hizo 203. Kusimamisha marejesho kabisa kwa miezi sita kunaongeza dola 5,000 na ushee juu ya deni.

Mkopo wa kampuni binafsi hauna ile huruma ya mikopo ya elimu ya serikali, ambayo mtu anaweza kulipa kulingana na kipato chake. Ndiyo maana nasema kucheza na muda wa mkopo peke yake hakutakuokoa. Linaloweza kusaidia kweli ni kushusha riba. Ukikaa mwaka mmoja unalipa bila kukosa, historia yako ya mikopo ikawa safi, nenda ukaombe taasisi nyingine inunue deni hilo kwa riba ndogo. Kwa asilimia 8, deni hilohilo kwa miaka hiyohiyo ni kama dola 879 kwa mwezi. Vyama vya ushirika vya akiba na mikopo mara nyingi vinakuwa na masharti nafuu kuliko kampuni kubwa.

Lakini wapigie waliokukopesha sasa, kabla ya Machi. Waulize mambo mawili, na wakujibu kwa maandishi: wana mpango gani kwa anayeanza kazi kwa kipato kidogo, na mdhamini anaweza kuondolewa baada ya marejesho mangapi yaliyolipwa kwa wakati. Anayepiga simu kabla ya kukosa rejesho anasikilizwa kama mteja. Baada ya kukosa unahamishiwa kwa watu wa kudai, na hao lugha yao ni nyingine.

Hiyo inanileta kwa dada yako. Mwambie wiki hii. Najua inauma, dada mkubwa amekuamini akaweka jina lake, na hapo ndipo ulipo ugumu wa kumkabili. Ila ukikosa rejesho moja, jina lake linaguswa pamoja na lako. Akienda kuomba mkopo wa nyumba au wa gari anaweza kukataliwa, na atajua sababu kutoka kwa mtu wa benki. Usimpeleke huko. Kaa naye, fungua karatasi, muonyeshe namba kama ulivyonionyesha mimi, mwambie na mpango wako ni upi. Usimwombe hela katika mazungumzo hayo.

Mama asiuze kiwanja. Kwa sasa shimo lako liko kwenye mapato ya kila mwezi, na hela ya kiwanja ikiingia humo itaisha kimyakimya kwenye kodi ya nyumba na mafuta ya gari, halafu mama abaki na umri wake bila ardhi. Mweleze tu kwamba kazi ipo na mwanzo ni mgumu. Mama wa Kitanzania anaelewa mwanzo mgumu.

Lori sasa. Hapa rafiki yako ana nusu ya jibu. Unahitaji kipato cha pili kwa mwaka wa kwanza, sikufichi. Ila mpango wa kuendesha usiku wa Ijumaa mpaka Jumapili halafu Jumatatu uingie kwenye ndege na mwanafunzi, naupinga kwa nguvu zangu zote. Mwanafunzi anayejifunza kutua anakosea karibu na ardhi, na una sekunde moja au mbili za kuchukua usukani. Sekunde hizo mtu aliyekesha hanazo. Halafu kuna sheria ambayo madereva wengi wanaofanya kazi mbili hawaijui: kwa kanuni za usafirishaji za taifa, kazi yoyote ya malipo unayofanya kwa mtu mwingine inahesabiwa kama saa za kazini kwenye rekodi yako ya udereva. Kufundisha urubani kumo. Ukiwa umefika kikomo cha saa 60 ndani ya siku 7, au 70 ndani ya siku 8 kulingana na kampuni, huruhusiwi kugusa lori. Ukificha saa za kufundisha umedanganya rekodi, na leseni inayoweza kukulisha ndiyo utakayoipoteza. Upande wa FAA nako, mwalimu haruhusiwi kufundisha angani zaidi ya saa 8 ndani ya saa 24.

Tena, wikendi ndiyo siku ya soko ya mwalimu. Wanafunzi wako wana kazi zao, wanakuja Jumamosi, Jumapili na jioni. Siku ambazo unakaa unatazama ukuta ni Jumatatu na Jumanne. Geuza mpango. Tafuta kampuni ya lori ya mjini, ya mchana, unayorudi nyumbani jioni, uwape Jumatatu na Jumanne. Jumatano pumzika, na namaanisha kulala. Alhamisi mpaka Jumapili fundisha. Ukipata hata dola 200 kwa siku ya lori, kwa mwezi ni karibu 1,700. Lori lilipe deni, ndege ilipe chumba na chakula. Kwa saa, ni kama 20 za lori na 36 za uwanjani, uko chini ya kikomo na bado una uso wa kumtazama mwanafunzi.

Utaniuliza, je, saa 1,500 nitazifikisha lini? Una 1,090 mbele yako. Kwa saa 45 kwa wastani wa mwezi, ukichanganya kiangazi na baridi, ni miaka miwili. Ukipandisha mpaka 60 ni mwaka mmoja na nusu. Panga maisha yako kwa miaka miwili, ikija mapema shukuru.

Wasomaji wa Dar na Nairobi wanaweza kushangaa kwa nini 1,500, maana sehemu nyingi duniani rubani msaidizi anaajiriwa akiwa na saa 200 na kitu. Ni sheria ya Marekani. Februari 2009 ndege ya Colgan Air ilianguka karibu na Buffalo, New York, ikaua watu 50, mmoja wao akiwa nyumbani kwake. Familia za waliokufa zilipigania mabadiliko, Bunge likapitisha sheria mwaka 2010, na tangu 2013 hata rubani msaidizi wa shirika la abiria lazima awe na leseni ya juu kabisa. Marubani wale wawili wote walikuwa na zaidi ya saa 1,500, jambo ambalo watu wa anga hawajaacha kubishania. Kuna nafuu kwa aliyesomea shahada ya urubani kwenye chuo kilichoidhinishwa, yeye anaruhusiwa akifikisha saa 1,000, lakini shahada ya fani nyingine haihesabiki. Sheria hiyo ndiyo iliyogeuza ualimu kuwa daraja la karibu kila kijana anayetaka ndege kubwa, na daraja likiwa na foleni, mwenye shule hana haraka ya kupandisha malipo. Walio kwenye foleni hiyo ni akina wewe.

Usisubiri 1,500 kwa macho yaliyofungwa, hata hivyo. Ukifika 500, kanuni zinakuruhusu kuwa rubani mkuu wa safari za kukodi kwenye hali nzuri ya hewa, na kwa 1,200 unaruhusiwa hata mawinguni. Waajiri wanaweka viwango vyao juu ya hapo, lakini piga simu. Na Texas ina mabomba ya mafuta na gesi kila upande, yanakaguliwa kwa ndege ndogo zinazoruka chini. Kazi ya upigaji picha za ramani ipo pia. Hizo zinalipa na zinajaza saa.

Kuhusu dola 6,000 za injini mbili: usikope. Kabla ya kupewa leseni hiyo unatakiwa uwe na saa 15 za kuwa rubani mkuu kwenye ndege za aina hiyo, na saa moja ya ndege ya injini mbili ina bei ya kutisha. Ukishaipata, shule yako ina wanafunzi wangapi wa injini mbili? Na bima ya shule inamkubali mwalimu mwenye saa ngapi? Muulize mwenye shule maswali hayo mawili, akujibu kwa namba. Leseni ya kuchukua kwanza ni ya kufundisha kuruka kwa vyombo. Ni mtihani mmoja wa maandishi na mmoja wa vitendo, unaweza kujiandaa kwenye simuleta na kwenye ndege uliyoizoea, na inakufungulia nusu ya wanafunzi unaowakosa sasa. Zaidi ya hapo, inakufikisha kwa watu wenye ndege zao wenyewe. Kila rubani Marekani anapaswa kupitiwa na mwalimu kila miezi 24, angalau saa moja ardhini na moja angani. Daktari au mkulima mwenye ndege yake anataka mwalimu mpole, anayefika kwa wakati, asiyepiga kelele, na analipa bila kukata bei. Ila kabla hujapanda ndege ya mtu, pata bima yako mwenyewe ya kuruka ndege usiyoimiliki. Walimu ninaowafahamu ambao hawataki hata kusikia habari za mashirika makubwa, wanaoishi vizuri kwa kufundisha tu, wote wana wateja wa namna hiyo. Ilichukua miaka kuwapata, na hawakuwa na deni lenye riba ya asilimia 11 wakati wanawatafuta.

Mashirika ya ndege nayo, usiweke tarehe kwenye kalenda. Mwaka 2022 mashirika madogo ya mikoani yalipandisha malipo ya mwaka wa kwanza mpaka karibu dola 90 kwa saa ya kuruka, na vijana wengi walikopa wakiangalia namba hiyo. Kufikia 2024 uajiri ulipungua, na waliokuwa na saa zao 1,500 walijikuta wanasubiri. Uajiri wa marubani huja kwa mawimbi, ndivyo ulivyokuwa hata kabla yangu.

Kuna jambo hukuniuliza, nami siwezi kufunga barua bila kulisema. Malipo ya kwa mita yana ubaya mwingine: yanamweka mwalimu upande mmoja na injini inayowaka. Upepo wa pembeni umezidi kidogo, mwanafunzi hajalala vizuri, tenki moja linaonyesha pungufu, na wewe una rejesho Machi. Hakuna atakayekulazimisha kupanda, utajishawishi mwenyewe. Vilevile mwanafunzi aliyekomaa kuruka peke yake, na wewe unaona akienda peke yake leo unakosa malipo ya saa mbili. Andika viwango vyako vya upepo, mawingu na uchovu leo hii, ukiwa na akili tulivu, uvibandike ndani ya kitabu chako cha saa, na uwaonyeshe wanafunzi. Halafu hakikisha kwamba rejesho la mwezi huo limeshapatikana kutoka kwenye lori kabla hujaingia kwenye ndege. Hii ndiyo sababu kubwa ninayotaka lori ndilo lilipe deni. Sitaki siku hata moja uiangalie hali ya hewa ukiwa unaona ndani yake dola 1,046.

Na kwa wadogo zangu mnaosoma hii mkiwa Dar, Arusha, Nairobi au Kampala, mkipanga kuja kusomea urubani huku kwa viza ya mwanafunzi: mwenzenu huyu ana kadi ya kijani. Anaruhusiwa kufanya kazi popote. Viza ya M-1, ambayo vyuo vingi vya urubani vinaitumia, haikuruhusu kufanya kazi ukiwa masomoni, na ukimaliza inakupa mwezi mmoja wa mafunzo ya kazi kwa kila miezi minne uliyosoma, usizidi miezi sita. Ndani ya miezi sita hufikishi saa 1,500 hata ukilala kwenye ndege. Mtu akikuambia "utafundisha kule ulipe deni," mwulize kwa viza gani. Na ukirudi nyumbani na leseni ya FAA utalazimika kuibadilisha kwa mamlaka ya nchi yako, kwa mitihani na gharama zake, kabla hujagusa ndege ya mtu.

Mdogo wangu, je, uache? Kwa maoni yangu, bado. Jipe mpaka Desemba ijayo kwa mpango wa lori mchana na malipo ya ardhini. Kama kufikia wakati huo umekosa marejesho mawili, au saa zako hazijavuka 800, basi rudi kwenye lori muda wote, ulipe deni kwa nguvu mwaka mmoja au miwili, na ufundishe wikendi tu ili usipoteze mkono. Leseni yako ya ualimu haitaoza: FAA iliondoa tarehe ya mwisho kwenye cheti mwaka 2024, unachotakiwa ni kutimiza masharti ya kila miezi 24 ili uendelee kufundisha.

Piga simu ya mkopo Jumatatu asubuhi, kabla hujaongea na mwenye shule, maana majibu yao ndiyo yatakayokuambia ni kiasi gani cha kumwomba. Ukishapata barua yao niandikie tena uniambie wamesema nini kuhusu kumwondoa dada yako kwenye udhamini.